Goti Lililochakaa: Picha Si Hukumu

(Maneno ya Kamati ya Afya na Usalama, yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wajumbe wa matawi. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Leo hatukuja kusema habari za mshahara wala saa za kazi. Tumekuja kusema habari za magoti. Labda mwingine atacheka, aseme kwamba Kamati imekosa la kusema. Lakini mtu asiye na goti hapandi ngazi, habebi gunia, hachuchumai kupanga vigae, wala hapandi mteremko wa shamba la chai na kikapu mgongoni. Mfanyi kazi hana mali nyingine ya kuuza ila nguvu za mwili wake. Chombo hiki kikiharibika, hakuna duka la vipuri.

Tumechagua jambo hili kwa sababu siku hizi wanachama wengi hutuletea bahasha kubwa kutoka hospitali. Ndani yake mna picha za goti, pamoja na karatasi iliyoandikwa Kiingereza cha madaktari. Mwenye bahasha ameambiwa kwa haraka kwamba gegedu la goti limelika, au kwamba yuko daraja la tatu, kisha akarudishwa nyumbani na hofu yake. Wengine huanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe ili wapate fedha za kupasuliwa. Wengine huacha kutembea kabisa. Na wengine, hili ndilo baya zaidi, huitwa ofisini wakaambiwa watie sahihi karatasi ya kuacha kazi kwa kuwa picha imeonyesha hawafai tena.

Basi neno letu ni moja: picha ya goti si hukumu. Haisemi kwamba umekuwa kiwete, wala haisemi kwamba hufai kazi. Picha ni shahidi mmoja tu, na shahidi mmoja hatoshi. Tutaeleza sababu.

GOTI LIMEJENGWAJE

Goti ni mahali ambapo mifupa mitatu hukutana: fupa la paja juu, mfupa wa muundi chini, na pia ya goti mbele. Mifupa hii haikutani mitupu. Mwisho wa kila mfupa umefunikwa na gegedu. Anayetaka kulijua gegedu na atazame mguu wa kuku anapokula. Mwisho wa mfupa ataona kitu cheupe, kigumu kidogo, kinachoteleza. Hilo ndilo gegedu. Katika goti la mtu unene wake ni milimita chache tu. Kazi yake ni kuifanya mifupa iteleze bila kukwaruzana, na kuutawanya uzito usikae mahali pamoja.

Tena, kati ya fupa la paja na muundi mna vipande viwili vingine, kimoja upande wa ndani wa goti na kimoja upande wa nje. Umbo lao ni la mwezi mwandamo. Hivi hupokea mshindo, kama ile mipira inayowekwa chini ya injini ili isilitikise gari zima.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka katika ute ulio ndani ya goti. Goti likikanyagiwa na kuachiliwa, ute huingia na kutoka, kama kitambaa kinachokamuliwa na kuchovywa tena majini. Kwa hiyo goti ambalo halitembezwi halilishwi vizuri. Tena gegedu likilika, halioti upya kama ngozi iliyochunika. La pili, gegedu halina mishipa ya fahamu ya kusikia maumivu. Likikwaruzika, lenyewe haliwezi kulia. Maumivu hutoka katika vitu vilivyo jirani nalo: mfupa ulio chini yake, utando wa goti unapovimba, kano, na misuli. Lishikeni sana jambo hili la pili, maana ndilo ufunguo wa maneno yetu yote.

MASHINE YA SUMAKU NA MADARAJA MANNE

Zamani palikuwa na eksirei peke yake, ambayo Wilhelm Röntgen aliigundua huko Ujerumani mwaka 1895. Eksirei huonyesha mfupa vizuri, lakini gegedu halionekani. Daktari hutazama nafasi iliyo kati ya mfupa na mfupa, na nafasi ikiwa nyembamba, hukisia kwamba gegedu limepungua. Mashine inayoitwa MRI ni ya namna nyingine. Haitumii miali ya eksirei, bali sumaku yenye nguvu nyingi pamoja na mawimbi ya redio, nayo huonyesha gegedu lenyewe, kano, misuli na maji yaliyomo gotini. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi yao juu ya upigaji picha huu.

Hapa tuna onyo moja kwa ndugu wanaochomelea na kusaga vyuma. Sumaku ile huvuta chuma. Ikiwa chembe ya chuma iliwahi kukuingia jichoni, hata kama ni miaka mingi iliyopita, mwambie mtu wa mashine kabla hujaingia. Chembe hiyo yaweza kusogea na kuliumiza jicho. Vile vile mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia moyo aseme mapema.

Picha ikisomwa, mara nyingi daktari huandika daraja. Mpango huu ulitokana na kazi ya daktari R. E. Outerbridge, ambaye mwaka 1961 aliandika juu ya magegedu aliyoyaona kwa macho alipokuwa akipasua magoti. Wasomaji wa picha waliufuata baadaye na kuurekebisha. Kwa maneno yetu sisi, madaraja ni haya:

Daraja la 1: gegedu limelainika au limevimba, lakini uso wake haujakatika.

Daraja la 2: uso umeanza kupasuka, lakini nyufa hazijafika nusu ya unene wake.

Daraja la 3: nyufa zimepita nusu ya unene.

Daraja la 4: gegedu limekwisha mahali hapo, na mfupa umebaki wazi.

Angalieni maneno "mahali hapo". Daraja la 4 si lazima liwe goti zima. Laweza kuwa kidonda cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, na sehemu nyingine zote zikawa nzima. Kwa hiyo ukitajiwa daraja, usiondoke. Uliza maswali matatu: Ni mahali gani? Pana ukubwa gani? Na sehemu nyingine za goti zikoje? Daktari mwema hatakasirika kuulizwa.

PICHA NA MAUMIVU SI KITU KIMOJA

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Watu wengi hudhani kwamba picha mbaya maana yake ni maumivu makubwa, na picha njema maana yake ni mguu mzima. Sivyo.

Katika mji wa Framingham, karibu na Boston huko Marekani, watafiti walizipiga picha za MRI magoti ya watu 710 waliozidi umri wa miaka 50. Watu hawa walichaguliwa kwa sababu eksirei zao hazikuonyesha ugonjwa wa kuchakaa. Matokeo yalichapwa mwaka 2012. Katika kila watu 100, watu 89 walionekana na kasoro fulani gotini, na watu 69 walikuwa na gegedu lililoharibika. Tena walipowatenga wale wasioumwa kabisa na kuwahesabu peke yao, bado watu 86 hadi 88 katika kila 100 walikuwa na kasoro. Yaani wenye kuumwa na wasioumwa walikaribiana sana.

Katika mji huo huo, matokeo ya mwaka 2008 yalihusu vile vipande vya mwezi mwandamo. Watu 991 wa umri wa miaka 50 hadi 90 walipigwa picha. Katika wale ambao vipande vyao vilikuwa vimechanika, 61 katika kila 100 hawakuwa na maumivu wala kukakamaa kwa goti katika mwezi uliotangulia. Na mwaka 2019 watafiti walikusanya pamoja uchunguzi mwingi wa magoti yasiyouma na yasiyowahi kuumizwa. Kwa watu wa miaka 40 na zaidi, karibu 43 katika kila 100 walikuwa na dosari katika gegedu. Kwa walio chini ya miaka 40, walikuwa 11.

Mnaona, ndugu? Ukiwasimamisha hapa wanachama wetu wote wenye umri wa miaka 50, ukawapiga picha, wengi watapata karatasi yenye maneno ya kutisha, na huku jana walitoka kazini wakatembea mpaka nyumbani bila shida. Mvi huonekana kichwani, lakini haziumi. Kuchakaa kidogo kwa gegedu ni kama mvi za ndani.

Hatusemi kwamba picha haina faida. Mtu aliyeanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi na goti likavimba saa ile ile, au ambaye goti limekwama halinyooki, picha yaweza kumwonyesha daktari jambo la kutengeneza. Wala hatusemi kwamba maumivu ni ya kuwaza tu. Maumivu ni kweli. Tunasema kwamba daktari hana budi kulishika goti kwa mikono yake, kulikunja na kulinyoosha, kukuuliza linauma lini na katika kazi gani, ndipo atazame picha. Anayesoma picha bila kumtazama mtu anaitibu karatasi.

KISU, SINDANO NA MAZOEZI

Hofu ya picha huwapeleka watu kwenye kisu. Kuna upasuaji mdogo ambao daktari huingiza bomba lenye kamera gotini, akaosha na kukwangua ndani. Mwaka 2002, huko Houston, Marekani, yalitolewa matokeo ya watu 180 wenye magoti yaliyochakaa. Wengine walifanyiwa upasuaji huo kweli, na wengine walikatwa ngozi tu, wakashonwa bila kuguswa ndani, wala hawakujua wako kundi gani. Walifuatwa kwa miaka miwili. Waliopasuliwa kweli hawakupata nafuu kuwashinda wengine. Mwaka 2013 madaktari wa Finland walifanya vivyo hivyo kwa watu 146 ambao kipande cha mwezi mwandamo kilikuwa kimechanika kwa kuchakaa, na baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa. Mwaka 2017 halmashauri ya wataalamu wa nchi mbalimbali ilitoa shauri la nguvu kwamba upasuaji huo usifanywe kwa goti lililochakaa tu. Kwa hiyo kabla hujauza ng'ombe, uliza: ni upasuaji wa namna gani, na ni kwa sababu gani?

Upasuaji wa kutia goti la chuma na plastiki ni mwingine. Huo huwasaidia wengi, lakini ni wa mtu ambaye goti limekwisha kweli, halali usiku, hatembei, na njia nyingine zote zimeshindwa.

Kuhusu sindano za steroidi: hupunguza maumivu kwa majuma machache, lakini si za kuchomwa kila mara. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2017, watu 140 walichomwa sindano kila majuma 12 kwa miaka miwili, wengine steroidi na wengine maji ya chumvi. Wa steroidi walipoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakupungua kuliko ya wenzao. Vidonge kama ibuprofeni na diklofenaki hutuliza, lakini anayevimeza kila siku kwa miezi mingi aweza kutoka damu tumboni na kuharibu figo. Na wauzaji wa unga na vidonge vya kurudisha gegedu, waambieni wawarudishieni fedha zenu kwanza. Glukosamini ilijaribiwa Marekani kwa watu 1,583, na mwaka 2006 matokeo yalionyesha kwamba kwa jumla haikuvishinda vidonge visivyo na dawa ndani.

Ni nini basi husaidia? Misuli. Paja lenye nguvu hulibebea goti mzigo. Kaa kitini, nyoosha mguu mmoja mbele, uushike hivyo huku ukihesabu mpaka kumi, kisha uushushe polepole. Fanya mara kumi kwa kila mguu. Halafu inuka kitini na kukaa tena bila kushika kwa mikono, mara kadhaa. Tembea kila siku mahali palipo tambarare. Goti likiuma kidogo wakati wa mazoezi na kutulia kabla ya kesho, endelea. Likivimba asubuhi yake, punguza, lakini usiache. Tena aliye mzito apungue. Uchunguzi wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua.

Lakini kuna dalili ambazo hazingoji mazoezi. Goti likiwa jekundu na la moto, pamoja na homa. Au likikwama kabisa. Au baada ya ajali usiweze kuukanyagia mguu. Au maumivu yakikukesha usiku huku ukikonda bila sababu: nenda hospitali siku ile ile.

HUKUMU YA PILI: "NI UZEE TU"

Ndugu, tumesema picha isitumiwe kuwatisha. Sasa twasema vile vile isitumiwe kuwanyamazisha. Maana kuna jibu moja ambalo mfanyi kazi hupewa akidai kwamba kazi imemwumiza goti. Huambiwa, "Huo ni uzee tu." Ni kweli umri una sehemu yake. Uzito una sehemu yake, na majeraha ya zamani, na damu ya ukoo. Lakini kazi nayo ina sehemu yake, na jambo hili limejulikana zamani.

Mwaka 1952 madaktari J. H. Kellgren na J. S. Lawrence wa Uingereza walichapa habari za eksirei za wachimba makaa ya mawe. Wachimbaji wale walifanya kazi wakipiga magoti katika mashimo yasiyo na kimo. Magoti yao yalionekana yamechakaa zaidi kuliko ya makarani wa ofisini. Hata hivyo serikali ya Uingereza ilikubali kuuandika ugonjwa huo wa magoti kuwa ugonjwa wa kazi ya wachimbaji mwaka 2009, yaani miaka 57 baadaye. Mwaka 2012 wakaongezwa watandikaji wa mazulia na sakafu. Miaka 57! Wachimbaji wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Mwaka huo huo wa 2009 Ujerumani nayo iliandika kuchakaa kwa goti katika orodha yake ya magonjwa ya kazi. Sharti lao ni hesabu: mtu awe amefanya kazi ya kupiga magoti au kuchuchumaa kwa jumla ya saa 13,000 katika maisha yake ya kazi, na isiwe chini ya saa moja kwa kila zamu. Tufanye hesabu hiyo kwa fundi wa vigae. Tuseme yuko magotini saa tatu kwa siku, siku 250 kwa mwaka. Hizo ni saa 750 kwa mwaka. Atafikisha saa 13,000 baada ya miaka 17 na kitu. Fundi aliyeanza akiwa na miaka 20 atafika kabla ya kutimiza miaka 38. Huo si uzee.

Sheria hizo ni za Uingereza na Ujerumani, si zetu. Twazitaja ili mtu asiwaambie kwamba jambo hili ni uzushi wa chama. Tena tuseme haki: si kila goti lililochakaa limechakaa kwa sababu ya kazi, na chama kikidai hivyo kitapoteza heshima. Lakini tajiri naye hawezi kuitumia picha ile ile mara mbili. Hawezi kusema leo kwamba goti limeharibika mno hata hufai kazi, na kesho ukidai haki yako aseme kwamba goti halina kitu, ni uzee tu.

SHERIA YA KENYA YASEMAJE

Wajumbe, haya yaandikeni.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba tajiri hawezi kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya udhaifu wa mwili kabla ya kumweleza sababu hiyo kwa lugha anayoifahamu. Tena mfanyi kazi ana haki ya kuwa na mwenzake, au mjumbe wa chama wa mahali pa kazi anayemchagua mwenyewe, wakati wa maelezo hayo. Naye tajiri hana budi kuyasikiliza majibu yao. Basi ukiitwa ofisini na bahasha yako, usiende peke yako, wala usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Sema kwa adabu, "Namngoja mjumbe wangu." Hilo si kosa. Ni sheria.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, yahusu ajali na pia magonjwa yanayotokana na kazi. Ukianguka au goti likipinduka kazini, toa habari kwa tajiri mara moja, naye yampasa kumpelekea habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba. Dai la fidia ya ajali liletwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Wengi hupoteza haki yao hapa. Mtu huanguka, hufunga goti kwa kitambaa, huendelea na kazi kwa kuogopa nyapara, na baada ya miaka miwili picha ikionyesha kipande kilichochanika, hakuna kitabu kilichoandikwa ajali yake.

MAMBO YA KUFANYA

Kamati yawaomba mambo matano.

Kwanza, kila mwanachama mwenye kazi ya magoti awe na daftari. Aandike kazi aliyofanya, mwaka gani hadi mwaka gani, na saa ngapi kwa siku alikuwa amepiga magoti, amechuchumaa au amebeba mizigo. Daftari hilo likikaa pamoja na picha, picha itapata shahidi wa pili.

Pili, kila ajali ya goti, hata ndogo, iandikwe siku ile ile, na mjumbe apewe nakala.

Tatu, picha na ripoti ni zako. Zihifadhi nyumbani pakavu. Usiache za asili ofisini. Peleka nakala, na kabla ya kupeleka zungumza na mjumbe.

Nne, wajumbe waanze kuzungumza na matajiri habari za kazi yenyewe. Mito ya magoti na itolewe, lakini msikubali iwe mwisho wa mazungumzo, kwa sababu mto huilinda ngozi na mbele ya goti, hauondoi mzigo wa kukunja goti kwa saa nyingi. Watu wabadilishane kazi, asiwe mmoja magotini kutwa nzima. Meza ya kazi iinuliwe. Vyombo vitiwe mipini mirefu. Mizigo iende kwa mkokoteni, au ibebwe na watu wawili. Mambo haya hayana gharama kubwa kwa tajiri kuliko kumpoteza fundi mwenye ujuzi wa miaka 20.

Tano, mwanachama mwenye goti linalouma asifichwe wala asichekwe. Wako wazee wetu waliokaa kimya mpaka wakashindwa kushuka garini, kwa kuogopa kuitwa wavivu. Mtu akisema mapema, aweza kupewa kazi nyepesi kwa majuma machache na akarudi mzima. Akinyamaza, tutampoteza.

Ndugu, tumesema kwa urefu, na magoti ya waliosimama kule nyuma yamekwisha kutukumbusha kwamba saa imepita. Kila mjumbe atapewa nakala ya madaraja manne na ya kifungu cha 41, avibandike katika ofisi ya tawi. Na mwanachama yeyote aliye na bahasha nyumbani, asilale nayo tena chini ya mto kwa hofu. Ailete tawini siku ya kukutana. Tutaisoma pamoja naye, neno kwa neno, kisha tutamtafutia daktari wa kulishika goti lenyewe.